Selpher Nasambu na Amri ya Mvua

Vidole vya Selpher Nasambu vilianza kumkana akiwa na miaka hamsini na minne. Kilitangulia kidole cha pete cha mkono wa kulia, ambacho kilikataa kunyooka asubuhi mpaka akitie ndani ya kikombe cha maji moto. Kisha majirani zake wakakifuata, kimoja baada ya kingine, kama watu wanaoondoka matangani bila kuaga. Daktari aliuita ugonjwa huo baridi yabisi, akamwandikia vidonge na kumshauri aipumzishe mikono. Ushauri huo ulikuwa mwepesi kwa mtoaji na mzito kwa mpokeaji, kwa kuwa Selpher alikuwa mpiga chapa, na tangu mumewe Titus afariki, mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Alifanya kazi katika hifadhi ndogo ya sauti mjini Kakamega. Ilikuwa na vyumba vitatu vyenye rafu za kaseti ambazo watafiti walizirekodi vijijini miaka mingi iliyopita. Humo mlikuwa na wazee wakieleza chimbuko la koo zao, akina mama wakikumbuka njaa, na wakulima wakisimulia jinsi mahindi yalivyoipisha miwa. Kazi yake ilikuwa kuzisikiliza kaseti zilizozungumza Kikabras, lugha aliyoinyonya kwa mamake, na kuziandika kwa Kiswahili ili msomaji wa kutoka kokote aelewe. Hakukuwa na mwingine ofisini aliyeijua lugha hiyo vya kutosha. Mkuu wa hifadhi, Madam Awinja, alikuwa Mmaragoli, na Kikabras alikidaka nusu nusu tu.

Huenda ndiyo sababu Madam Awinja hakumwachisha kazi. Badala yake alimwita Kiplagat, fundi wa kompyuta aliyekuwa akija kutoka Lugari kila Jumatano, akamwomba aweke programu inayoandika kile mtu anachotamka. Kiplagat aliiweka, akamvisha Selpher hedifoni zenye maikrofoni, akamsomesha kurasa mbili kwa sauti ili mashine ilizoee koo lake. Kuanzia siku hiyo kaseti ilisema Kikabras masikioni mwake, naye akarudia kwa Kiswahili, taratibu, huku mguu wake ukikanyaga pedali ya kusimamisha na kuendesha. Maneno yalijipanga kwenye kioo cha kompyuta bila kidole kugusa kitu. Sheria ya hifadhi ilikuwa kwamba msimulizi aandikwe kama alivyonena. Akisema "mimi", iandikwe "mimi". Kwa hiyo kutwa nzima Selpher alikuwa mtu mwingine. Asubuhi angeweza kuwa mkunga, na jioni mzee aliyetahiriwa mwaka wa nzige.

Palikuwa na jambo moja ambalo maneno matupu hayakuliweza. Kaseti zina vicheko, vikohozi, vilio, na mahali ambapo msimulizi hunyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyosema. Mambo hayo huandikwa ndani ya mabano, nayo mashine haikujua mabano ya aina hiyo. Kiplagat akamfundisha kutunga amri zake mwenyewe. Unachagua maneno mawili, unaieleza mashine kwamba ikiyasikia isiyaandike bali itekeleze jambo fulani, nayo haitasahau.

"Chagua maneno ambayo watu hawasemangi pamoja," Kiplagat alimwonya. "Ukichagua 'kaa chini', kila mzee akikaa chini kwenye hadithi, kompyuta yako itaruka wazimu."

Selpher alichagua neno "alama" na kuliambatanisha na mengine. Akisema "alama kicheko", mashine iliandika kwamba msimulizi amecheka. "Alama kimya" iliandika kimya na kuacha nafasi ya kujaza sekunde. "Alama mvua" ndiyo iliyotumika kuliko zote, kwa sababu watafiti wale walipenda kurekodi alasiri, na alasiri ya huku huwa na mvua yake. Alipoitamka, mashine iliandika: *Haisikiki, mvua juu ya mabati.* Amri zake zilifika thelathini, akaridhika nazo. Baadaye akaomba moja zaidi.

Alimpa Kiplagat kipande cha karatasi kilichokunjwa, akamwambia kwamba akitamka "mwenye boma", mashine iandike jina lililo humo.

"Si unitajie tu, Mama Nabwire, nikuandikie?"

"Hilo silitajangi."

Kiplagat alikunjua karatasi, akasoma, akamtazama. "Huyu ni nani? Alikufanya nini?"

"Ni baba ya mume wangu."

Fundi alicheka hadi akaivua miwani. Alisema kwao pia wake hawataji, na kwamba mamake alimwita baba mkwe wake "yule wa fimbo" mpaka karani wa vitambulisho akaandika hivyo hivyo kwenye fomu. Selpher alitabasamu kidogo. Kwake halikuwa jambo la mzaha. Mkwewe alikuwa liguru, mkuu wa kijiji aliyeamua kesi za mipaka kwa miaka ishirini, na wasimulizi wengi walimtaja. Katika maisha yote ya ndoa Selpher hakuwahi kumpa mkono mzee huyo, hakuwahi kukikalia kiti chake, hakula mbele yake, na jina lake halikuwahi kupita kati ya meno yake. Mzee alikuwa amekufa miaka mingi, lakini heshima haifi na mwenyewe. Sasa kulikuwa na amri iliyolisema kwa niaba yake.

Selpher aliishi nje ya Malava, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa mabati ambayo Titus aliijenga chini kabisa mwa shamba la babake, karibu na kijito. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Nabwire, aliyeolewa Busia. Titus alipokufa, ndugu yake Cornelius alikaa mwaka mmoja bila kusema neno. Mwaka wa pili miwa yake ikateremka hatua kumi. Wa tatu ikateremka tena, mpaka majani yakawa yanakwaruza ukuta wa chumba cha kulala upepo ukivuma. Agosti iliyopita Cornelius aling'oa miti miwili ya lusiola iliyokuwa mpaka, akaipasua kuni.

Selpher alipeleka shauri lake kwa wazee wa ukoo. Hakudai shamba zima. Alitaka kile kipande cha chini, na haki ya kuzikwa hapo kando ya mumewe. Cornelius alijibu kwamba kipande hicho hakikuwahi kuwa cha Titus. Wakashindana vikao viwili, na katika cha tatu Cornelius mwenyewe akakumbuka kwamba baba yao aliwahi kurekodiwa na watu wa hifadhi, mwaka wa tisini na saba, akiwa barazani kwake, na kwamba siku hiyo alieleza habari za shamba lake na nani apate nini. Alisema itafutwe kaseti hiyo, na neno la mzee likate kesi.

Selpher alikubali kabla hajamaliza. Siku alipoletwa kama bi harusi, mkwewe aliongoza njia mpaka chini, akachomeka bakora yake ardhini, akamwambia Titus, si yeye, "Jenga hapa." Selpher aliishuhudia bakora ile ikizama. Kwa miaka thelathini aliishi akiamini kwamba ameona shamba likitolewa.

Osiako, mzee wa ukoo aliyekuwa mwenyekiti, aliwauliza wote wawili kama watatii watakachokisikia. Wakaapa kwamba watatii. Walipokuwa wakitoka, Cornelius alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Lakini mjue nani atakayeiandika. Neno la mzee likipita kinywani mwa mke wa boma, litatoka limevaa leso." Watu walicheka. 

Kulikuwa na kanuni hifadhini, na Selpher aliijua kwa sababu ndiye aliyeipiga chapa: mtu akiwa na maslahi katika kaseti, ataweka kazi chini na kumjulisha mkuu. Hakumjulisha. Alijiambia kwamba hakuna mwingine wa kuisikiliza, kwamba kumtafuta mtu wa nje kungechukua miezi, na kwamba anakwenda kuandika tu lile alilokwisha kuliona kwa macho. Hakudhani anaficha kitu. Mtu mwenye matumaini hajioni kuwa mwongo.

Jumatatu aliitoa kaseti kwenye rafu, akaipangusa ukungu, akaisukuma ndani ya mashine. Sauti ilipoingia masikioni alijikuta amekaa wima, miguu pamoja, kitambaa cha kichwa kimevutwa mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa ndiyo sauti yenyewe, yenye mkwaruzo wa tumbaku, ikilalamika kwamba kiti cha mgeni kiko juani. Selpher alifungua kinywa akasema, "Mimi nilizaliwa mwaka ambao mto ulipanda mpaka kanisani," na papo hapo akakanyaga pedali kuisimamisha. Kwa wakunga na wapiganaji alikuwa amezoea kusema "mimi". Ila huyu alikuwa mkwewe. Miaka yote alichelea kukikalia kiti chake, na sasa ameketi ndani ya maneno yake.

Aliendelea siku tatu. Mzee alieleza mashauri aliyoyakata, vijiwe alivyovizika kwenye mipaka, watoto aliowazika. Siku ya Alhamisi, karibu na saa sita mchana, mtafiti kwenye kaseti aliuliza kuhusu shamba lake mwenyewe. Mzee akakohoa, akasema maneno haya kwa Kikabras, polepole, kama mtu ajuaye kwamba yatahifadhiwa:

"Titus nimempa pale chini mahali pa kujenga. Udongo sikumpa. Akiondoka, udongo unarudi juu kwa Cornelius. Mke wake asifukuzwe. Akae mpaka nyumba ianguke. Ikianguka, isijengwe tena."

Selpher alikanyaga pedali. Akarudisha nyuma, akasikiliza. Akarudisha mara ya tatu na ya nne, kama afanyavyo kwenye kaseti mbovu, ingawa hapa hapakuwa na ubovu wowote. Kila silabi ilikuwa safi. Alitafuta katika sauti ile chuki ya kumkasirikia, asiipate. Mzee alisema jambo hilo kama anavyogawa mbegu. Na ile bakora aliyoiona ikizama ardhini ilikuwa imeonyesha mahali pa nguzo tu, basi.

Dakika tatu mbele, kwenye kaseti ile ile, mvua ya kweli ilianza kunyesha na kumeza maneno ya mzee kuhusu ng'ombe wake. Selpher aliisikia. Akaona jinsi ilivyo rahisi kuisogeza nyuma. Nani angeuliza? Watu husoma karatasi, hakuna asikilizaye kaseti. Alitazama kioo ambapo sentensi ya mwisho ilikuwa ikingojea, akasogeza maikrofoni mdomoni, na kwa sauti ile ile tulivu ya siku zote akasema, "Alama mvua."

Mashine haikusita. *Haisikiki, mvua juu ya mabati.*

Akavua hedifoni akaenda kula. Alikula sima yake na mrenda akaimaliza yote, akanawa, akarudi. Kabla ya kuifunga kazi, desturi yake ilikuwa kuiagiza kompyuta ihesabu alama ili aziorodheshe mwishoni. Safari hii, bila kujua kwa nini, aliiagiza ihesabu alama za mvua katika kazi zake zote tangu aanze kutumia sauti. Jibu lilikuja: mia nne na kumi na mbili.

Alizijua nyingine. Kulikuwa na yule mama aliyetaja majina ya watoto wake saba waliokufa kwa njaa. Mvua ilichukua majina mawili ya mwisho, na Selpher aliirudisha kaseti hiyo siku nzima, akapunguza kasi, akaongeza sauti, akabana macho, kabla ya kukubali kushindwa. Pale alipoandika *haisikiki*, alikuwa akimwambia msomaji asiyemjua: niamini, nilijaribu. Sasa mojawapo ya alama hizo ilikuwa uongo, na hakuna aliyeweza kujua ipi. Wale watoto wawili wangeweza kuwa wametupwa na mwandishi mvivu. Au na mwandishi mwenye shamba lake la kutetea.

 Kisha akavaa hedifoni, akaifuta alama ile, akakanyaga pedali, na mzee akasema tena. Selpher akasema pamoja naye: mimi nimempa, mimi sikumpa, akae mpaka ianguke. Sauti ilimkatika kwenye neno "isijengwe", mashine ikaandika herufi zisizoeleweka, ikambidi alirudie neno hilo peke yake, mara mbili, mpaka likakaa sawa.

Jioni hiyo alikwenda kwa Madam Awinja akamweleza yote, pamoja na ile alama aliyoiweka na kuifuta. Madam Awinja alisikiliza akiwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Ungeniambia Jumatatu, Mama Nabwire."

"Ningekuambia, ungempa nani?"

"Singempa mtu. Ingengoja." Akaiweka kalamu chini. "Umejiandikia hukumu mwenyewe, na bado lazima niweke barua juu yake kwamba aliyeandika alikuwa na maslahi. Unaelewa ni kwa nini?"

Selpher alisema anaelewa. Kanuni ni kanuni hata inapomkuta mtu ameumia.

Jumamosi wazee waliketi. Osiako aliisoma karatasi polepole, kwanza barua ya Madam Awinja, kisha maneno ya marehemu. Alipofika kwenye nyumba kuanguka, kinamama waliokaa nyuma waliguna. Cornelius alikuwa amejitayarisha kubisha, ilionekana kwa jinsi alivyokaa ukingoni mwa benchi.  Mwishowe aliomba karatasi, akaitazama kana kwamba kuna mstari uliofichwa.

"Haya umeandika wewe?" alimuuliza Selpher.

"Nimeyasema. Mashine ndiyo iliandika."

"Na hukubadilisha?"

"Shemeji, ningekuwa nimebadilisha ungekuwa unalia saa hii."

 Wazee walinong'onezana, kisha Osiako akatoa uamuzi, nao haukupita maneno ya mzee hata unywele. Udongo ulirudi kwa Cornelius. Mjane asifukuzwe. Asijenge, asikandike, asipigilie hata msumari mmoja, kwa sababu nyumba ikitengenezwa haitaanguka, na neno la marehemu litakuwa limedanganywa. Kuhusu kaburi, karatasi haikusema kitu, kwa hiyo wazee nao hawakusema kitu.

Nabwire alipiga simu kutoka Busia akalia, akamsihi mamake aende akaishi naye. Madam Awinja alimtajia chumba mtaani Shirere, kati ya wanafunzi, karibu na kazi. Selpher aliwashukuru wote wawili akakataa. Nyumba isiyo na mtu, alisema, watu huihesabu imeanguka. Akabaki, na akajifunza kuisikiliza kama alivyozisikiliza kaseti. Alijua boriti ipi hulia jua likichwa, na udongo wa ukuta upi humwagika panya akipita. Asubuhi aliufagia udongo huo na kuutupa nje, kwa kuwa kuurudisha ukutani kungekuwa kukandika.

Mchwa walianzia upande wa jikoni, chumba kidogo kilichoegemea ukuta wa nyuma. Walikula nguzo ya pembeni kutoka ndani, mpaka ikabaki ganda. Jumapili moja, Selpher akiwa kanisani, pembe yote ya jiko ililala chini pamoja na figa, masufuria na bati moja. Alirudi akawakuta majirani wamesimama kando ya miwa. Mmoja alikuwa amekwisha kumwita Cornelius.

Cornelius alikuja na panga la kukatia miwa mkononi. Alizunguka nyumba mara moja. Aliinama akauchungulia mwanya, akagonga ukuta wa nyuma kwa ubapa wa panga, akasikiliza. Majirani walingoja. Selpher alisimama na Biblia yake kifuani, mikono imekunjamana juu yake, naye hakuomba kitu.

"Hili ni jiko," Cornelius alisema hatimaye, akiwaambia majirani. "Mzee alisema nyumba."

Akaenda zake. Baada ya hatua chache alirudi, akasimama mbali kidogo kama inavyompasa shemeji, akasema kwa sauti ya chini, "Hicho kifusi usikiguse. Ukikiondoa watasema unajenga." Kisha miwa ikamfunika.

Kwa hiyo kifusi kilibaki, na masufuria mawili chini yake. Tangu hapo Selpher hupikia chumba cha mbele, kwenye mafiga matatu aliyoyaweka sakafuni, na moshi usio na pa kutokea hukaa naye mpaka asubuhi. Sauti yake imeanza kuwa nzito. Mwezi uliopita mashine ilianza kumwomba arudie maneno, mara moja kwa siku, kisha mara kumi. Kiplagat alimwambia koo limebadilika, hivyo itabidi aisomee mashine upya kurasa zile mbili za mwanzo ili imjue tena. Selpher alizisoma. Alikohoa katikati, akaanza upya, akazimaliza. Mashine iliandika kwamba imetambua maneno saba katika kila kumi. Akanywa maji ya uvuguvugu, akasoma tena.